Ulinganisho: Mzimu wa Watu wa Kale au kumbukumbu za Bibi Salme, tuanze na kipi?

Msomaji_Tanga

Habari za jioni ndugu zangu. Kikundi chetu cha kusoma kinachagua kitabu kimoja cha kusoma pamoja, na mapendekezo yaliyobaki ni mawili. La kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. La pili ni kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja, alizoziandika kwa Kijerumani wakati akiitwa Emily Ruete, zikachapishwa Berlin mwaka 1886. Nimevisoma vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na nataka maoni yenu kabla hatujaamua.

Nianze na Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mzimuni, na wapo walio tayari kuisingizia mizimu mauaji hayo ili mambo yaishe. Bwana Msa hataki kusikia hilo. Anavuta kiko chake, anauliza, anasikiliza, kisha anarudi kwenye swali lile lile kwa mlango mwingine. Kilichonishika si damu wala mbio, maana mbio hakuna. Ni mazungumzo. Watu wa Abdulla wanazungumza kwelikweli: wanazunguka, wanajibizana kwa staha, wanaficha neno ndani ya neno, na ukisoma ukurasa mmoja kwa haraka umeshapitwa na ushahidi. Najum, rafiki yake Bwana Msa, anauliza yale yale niliyotaka kuuliza mimi. Udhaifu wake kwangu ni maelezo ya mwisho, marefu mno. Lakini deni lote linalipwa. Hakuna fumbo linaloachwa hewani.

Bibi Salme ni jambo jingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, na sura zake za kwanza zinakuingiza humo kama mtoto aliyekuwa akikimbia uani: tausi na paa wakizurura, mabafu ambayo hayakosi watu, ngazi, na juu kibaraza cha duara kinachotazama bahari, ambako baba yake alikuwa akitembea huku na huko kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi aliyopigwa pajani vitani. Picha hiyo ya sultani anayechechemea peke yake na mawazo yake imenikaa. Humwoni hivyo katika kitabu cha historia.

Shida ni kwamba kuna sura nyingi za desturi, mavazi, vyakula na sikukuu, na wengine katika kikundi chetu watachoka. Pia kuna mambo ambayo bibi huyu hayasemi, na unahisi kabisa kwamba hayasemi. Je, mngechagua kipi?

BintiMajengo

Bibi Salme bila kusita. Mnaotafuta taharuki mnaitafuta pasipo, kwa sababu tukio la kusisimua kuliko yote niliyosoma mwaka huu limo ndani ya kitabu hicho, na lilitokea kweli.

Ni mwaka 1859. Seyyid Said amekwisha kufa safarini baharini mwaka 1856, mwanawe Majid amekalia kiti cha Unguja, na ndugu yake Barghash anapanga njama za kumwondoa. Salme ana umri wa miaka 15 hivi, na yumo ndani ya njama. Kwa nini yeye? Kwa sababu anajua kuandika. Alikuwa amejifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, wakati watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Sasa elimu ile ya kujiibia ndiyo inayoandika barua za kuagiza bunduki na baruti. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikapumua kwanza.

Njama inafichuka, askari wa Majid wanaizingira nyumba ya Barghash. Salme na dada yake Khole wanakwenda na msururu wa wanawake mpaka mlangoni. Wanawake wa ukoo ule hawakuwa wa kusemezana na askari njiani, lakini wanazungumza nao wenyewe, kwa sauti zao, na askari wanapigwa na bumbuazi. Wanaruhusiwa kuingia. Ndani wanamfunika Barghash nguo za kike hadi yanabaki macho tu, wanamweka katikati ya wanawake warefu kuliko wote, wanatoka naye. Askari wanapisha kwa heshima! Nje ya mji anazitupa nguo na kukimbilia shamba la Marseilles walikojiimarisha wenzake.

Na yanayofuata ndiyo mazito zaidi. Njama inashindwa, Barghash anapelekwa Bombay, na Salme anabaki kutazamana na Majid, kaka aliyemlea katika jumba la Bet il Watoro, aliyemfundisha kutumia silaha. Majid anamsamehe. Soma namna anavyoueleza msamaha ule. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyeniumiza hivyo.

Mwalimu_Mstaafu

Vijana hamjambo. Mimi nasema Bwana Msa, na nina sababu za mtu aliyesimama mbele ya darasa kwa miaka mingi.

Kitabu cha kikundi ni kile ambacho kila mtu ana la kukisemea. Ukiwapa watu kumbukumbu za mwana wa mfalme, wawili wanaojua historia watazungumza na wengine watakuwa wasikilizaji. Ukiwapa maiti na watuhumiwa, hata asiyesema kamwe atataka kusema nani amefanya. Nimeliona hilo kwa wanafunzi waliokuwa wakisinzia.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia magazetini, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Mkaguzi wa afya anaingia nyumba za watu, anaona jikoni, anaona uani, anasikia wanachosemezana wenye nyumba wakidhani hawasikilizwi. Mimi naamini riwaya zake zimetoka humo. Kila mtu anasema kwa cheo chake, umri wake na hasira yake, na huhitaji kuambiwa ni nani anayesema.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: katika riwaya za Abdulla, ukichimba chini ya kosa unakuta nasaba. Nani mtoto wa nani, nani alizaliwa wapi na kwa siri gani, nani anastahili kurithi. Kwa hiyo msidhani kwamba Bwana Msa ni mambo ya mizimu na Bibi Salme ndiye mambo ya ukoo. Wote wawili wanazungumza juu ya ukoo na mali Unguja. Mmoja anatazama akiwa jumbani, mwingine anatazama tangu shamba mpaka mtaani.

Mkimbizi_wa_Kurasa

Shikamoo mwalimu. Naheshimu maneno yako lakini Bwana Msa kwangu ni mzito. Mimi nimelelewa na Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Musiba. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa na mtu yuko njiani tayari, hakuna kukaa kibarazani. Kama kikundi kina vijana wa umri wangu, anzeni na hicho, halafu mtakuwa na nguvu ya kusoma vya wazee.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Willy Gamba ni kijana mzuri, lakini swali la mwenzetu lilikuwa la vitabu viwili. Na nikuombe kitu: soma tena mazungumzo ya Bwana Msa na Najum kwa sauti, mbele ya mtu. Taharuki yake iko masikioni.

Mzenji_Muscat

Assalaam alaykum. Nimefurahi kukuta mjadala huu, kwa sababu hadithi ya Bibi Salme tunaizungumza hata huku, na kila nyumba ina toleo lake.

Msomaji_Tanga kasema kuna mambo bibi hayasemi. Hapo ndipo penyewe, na ndiyo sababu ya kuvisoma vyote viwili, kimoja kikishikilia taa ya kingine. Tazameni sura anayoeleza kuondoka kwake Unguja. Anasema alikuwa jirani na mfanyabiashara Mjerumani, nyumba zao zilitazamana, wakapendana, habari zikaenea mjini, akaona hana budi kuondoka. Anaeleza kwamba jaribio la kwanza halikufaulu, kisha anapanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, Agosti 1866, anashuka Aden. Baada ya hapo anasubiri miezi mingi mpaka mchumba amfuate. Anabatizwa na kuolewa siku moja, tarehe 30 Mei 1867, na siku hiyo hiyo wanaanza safari ya Ulaya.

Msomaji wa kawaida anapita. Msomaji aliyetoka kwa Bwana Msa anauliza: kwa nini haraka ile ya kukimbia usiku, halafu subira ile ndefu Aden? Jibu halimo kitabuni. Alikuwa mjamzito. Mtoto wa kiume, Heinrich, alizaliwa Aden Desemba 1866 na hakuishi kuiona Hamburg. Mama kaandika kitabu kizima kuhusu maisha yake na mtoto wake wa kwanza hayumo. Si uongo, hajasema lolote la uongo. Ni ukimya. Na mimi nikikifikiria kitabu hicho siwezi kuacha kumfikiria mama anayeandika mwaka baada ya mwaka akipaacha mahali hapo patupu, kwa sababu wanawe watatu waliobaki wangekuja kusoma.

Abdulla anakuficha na mwishoni anakufunulia. Salme anakuficha na anabaki nacho. Kwa hiyo anayesoma tawasifu anapaswa kuwa mpelelezi zaidi kuliko anayesoma riwaya ya upelelezi, maana hapa hakuna wa kumkalisha mwishoni akamweleza.

Kuhusu sura za mwisho, msizipite. Mume alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane kijana katika nchi ya baridi. Mwaka 1885 anarudi Unguja baada ya miaka 19, akiwa na manowari za Bismarck, kansela wa Ujerumani, na aliyeko kwenye kiti sasa ni Barghash, yule yule aliyemtorosha kwa nguo za kike. Hakumpokea, na urithi aliokuwa akiudai hakuupata. Yeye aliamini amekwenda kudai haki yake, na Wajerumani walikuwa wakimtumia kumbana sultani. Nani alijua nini katika safari ile? Hilo ni swali la mjadala wa jioni nzima.

BintiMajengo

Kaka yangu wa Muscat, umenisemea moyoni. Lile la mtoto silo alilolificha peke yake, lakini ndilo kubwa.

Mjukuu_wa_Bagamoyo

Nawasikiliza na kuna jambo nasubiri mtu aliseme, halisemwi. Kitabu cha Bibi Salme kina sura juu ya utumwa, na katika sura hiyo anautetea. Anasema watumwa wa Waarabu walitendewa vyema, anawalaumu Wazungu kwa kuingilia wasichokijua. Aliyachapisha hayo mwaka 1886. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe Unguja haukufutwa kisheria mpaka 1897. Yaani wakati kitabu kinatoka, kuna watu mashambani bado ni mali ya watu.

Mabafu, tausi, mamia ya watu jumbani. Nani aliteka maji? Nani alipanda mikarafuu ya Kisimbani na Bububu, mashamba aliyokaa mwenyewe? Wamo kwenye kitabu, kila ukurasa wamo, wanapita wakibeba vitu, na karibu hakuna anayepewa sentensi moja ya kusema lililo moyoni mwake. Mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa utotoni vitani, wazazi wake wakauawa. Salme anasimulia hilo kwa uchungu mkubwa. Kisha sura chache mbele anautetea mfumo ule ule. Mimi hapo nilikasirika, na hasira hiyo sijaiacha.

Sisemi msikisome. Nasema anayekichagua asikichague kwa ajili ya uzuri wa jumba. Na kama hamko tayari kusoma sura hiyo kwa sauti na kuibishania, bora mchukue Bwana Msa.

Mwalimu_Mstaafu

Umesema kweli tupu mjukuu wangu. Niongeze kwamba hata kwa Abdulla tuna la kuuliza. Bwana shamba, watumishi na wakulima wamo humo pia, na riwaya ile ni ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Fumbo linafumbuliwa, ila mpango wa watu, nani mwenye shamba na nani kibarua, unabaki pale pale. Wanawake wake nao mara nyingi tunawajua kwa siri zinazowazunguka kuliko kwa wanavyofikiri wenyewe. Hapo Bibi Salme anamshinda mbali, maana kwake wanawake ndio dunia nzima. Mtazameni Azze bint Sef, mke wa ndoa wa Seyyid Said: mwanamke mfupi wa umbo, hana mtoto, na jumba zima, watoto wa sultani wakiwemo, linamwogopa.

Kijana_wa_Kindu

Jambo wote. Nawaandikia kutoka Maniema, mashariki mwa Kongo. Kwa nini tunabishania hivi viwili wakati tuna kitabu cha mtu mkubwa kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo? Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Alieleza mwenyewe safari zake, biashara ya pembe, vita, mpaka kufanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887 chini ya dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyekitoa mwanzoni mwa karne ya 20, na Tippu Tip mwenyewe akafariki Unguja mwaka 1905.

Huku kwetu habari zake si za kitabuni tu. Kiswahili tunachosema na dini ya watu wengi wa Kasongo vilikuja kwa njia ile ile waliyopita watu wetu wakiwa wamefungwa. Ndiyo maana nikimsoma Tippu Tip napata baridi: anahesabu pembe, anahesabu bunduki, anataja vijiji vilivyopigwa kwa sentensi fupi kabisa, kisha anaendelea na safari. Salme ana moyo, hata mnapokasirika naye. Huyu anatoa hesabu.

Mjukuu_wa_Bagamoyo

Ndugu wa Kindu, hicho kinafaa kusomwa mara tu baada ya Bibi Salme. Yeye anaonyesha jumba, na Tippu Tip anaonyesha njia iliyolijaza jumba lile watu na mali. Lakini kwa kikundi kinachoanza ni kigumu: majina ya watemi, majina ya mito, na hakuna anayesimama kuhuzunika.

Mkimbizi_wa_Kurasa

Haya, mmenishawishi nikisake cha Salme. Lile la nguo za kike ni Willy Gamba mtupu. Swali la mtu wa haraka: nikitaka kuruka sura za desturi, nianzie wapi?

BintiMajengo

Mdogo wangu, soma zote za utotoni mpaka kifo cha baba, usiruke hata moja, maana ndizo zinazokufanya uumie baadaye. Zile za mavazi, sikukuu na hali ya wanawake wa Mashariki unaweza kuziacha ukarudi. Lakini ukishafika kwenye njama za Barghash usiweke kitabu chini mpaka Aden. Sura ya utumwa isome na hasira za Mjukuu wa Bagamoyo kichwani.

Msomaji_Tanga

Nawashukuru sana wote. Nimewasomea wenzangu jioni hii maoni yenu, na mjadala ulianza kabla hatujafungua kitabu chochote.

Tumeamua hivi. Tunaanza na Mzimu wa Watu wa Kale, kwa sababu ya hoja ya mwalimu kwamba kila mtu atakuwa na la kusema, na kwa sababu ni kitabu chembamba, nakala zinaazimika. Tutakisoma kwa sauti sehemu za mazungumzo. Atakayejua muuaji mapema amekatazwa kumalizia wenzake utamu.

Kisha Bibi Salme, na hapa nafuata maneno ya Mzenji: kila mmoja atasoma akiandika pembeni kila mahali anapohisi kuna jambo limerukwa. Tarehe ambazo hazikai sawa, mtu anayetajwa mara moja akapotea, watumishi wasio na majina. Sura ya utumwa tumeipa kikao chake peke yake. Mama mmoja wa kikundi, ambaye nyanya yake alikulia Pangani, amesema ndiye atakayekiongoza, na sisi wengine tumekubali mara moja.

Kwa maoni yangu mwenyewe, nikilazimishwa kubaki na kimoja, nabaki na Salme. Bwana Msa nilimfurahia mpaka ukurasa wa mwisho. Salme bado nabishana naye.

Mzenji_Muscat

Mmeamua vizuri. Ushauri mmoja wa kazi: kabla ya kuanza Bibi Salme, chukueni karatasi kubwa mchore ukoo. Seyyid Said aliacha watoto 36 walio hai, baba mmoja, mama mbalimbali, na bila kujua nani amezaliwa na nani, ugomvi wao hauelewiki. Anzeni na Majid, Barghash, Khole, Meje na Salme, hao watano wanatosha kwa nusu ya kwanza. Pembeni andikeni majumba: Mtoni, Watoro, Sahil, Tani, kwa sababu aliyelala jumba gani ndiye aliyekuwa upande gani. Na kama mna mtu anayevuka kwenda Unguja karibuni, magofu ya Mtoni yapo bado upande wa barabara ya kwenda Bububu. Apige picha ya ua.